Mboga Hii Ilitoka Wapi? Somo la Siku Moja Jikoni, Kimulot

Katika nyumba nyingi ugomvi wa bwana na bibi hauanzi kwa neno kubwa. Huanza kwa sahani. Bwana anarudi jioni, anakaa, analetewa ugali na kabichi. Anaitazama ile kabichi, anaisukuma sahani kwa vidole viwili, anauliza, "Hii tena?" Bibi hajibu. Tangu saa moja asubuhi alikuwa akichuma chai, akabeba kikapu mgongoni hadi kituoni, akangoja gari la kiwanda mpaka saa kumi, akapitia mtoni kuchota maji, kisha akapuliza kuni mbichi hadi macho yakawa mekundu. Naye analo swali lake: mboga nyingine ningeitoa wapi? Lakini haulizi. Analala nalo.

Watu wa ndoa wameshauriwa mara nyingi wasemezane kwa upole, na ushauri huo ni mzuri. Lakini upole peke yake hauoti mboga. Leo tunawaomba mtoke nyumbani kwa siku moja, wote wawili, mwende shambani kwa watu mkajifunze kupika. Ndiyo, wote wawili. Bwana asigeuze ukurasa kwanza.

Tuseme siku hiyo ni Kimulot, katika Konoin, Kaunti ya Bomet, upande ule ambao mashamba ya chai yanapanda hadi karibu na msitu wa Mau. Aliyepita huko anajua yalivyo: chai kulia, chai kushoto, na katika viwanja vingi chai inafika hadi ukuta wa jiko. Si ajabu. Tangu shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilipoundwa mwaka 1964, chai ndiyo iliyolipa karo, ikaezeka mabati, ikanunua ng'ombe wa gredi. Mzee aliyepanda chai hadi mlangoni hakuwa mjinga. Alikuwa akihesabu. Ila katika hesabu yake alisahau sufuria.

Shamba lenyewe ndilo darasa

Kujifunza shambani badala ya kukaa kwenye madawati si jambo la jana. Mpango unaoitwa shamba darasa ulianzia kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, na katikati ya miaka ya 1990 ukafika magharibi ya Kenya. Mwaka 2006 KTDA ikaanza kuujaribu kwa wakulima wadogo wa chai. Kikundi cha watu kama 30 hukutana katika shamba la mmoja wao, hutazama mimea kwa macho yao, hubishana, hujaribu njia mbili bega kwa bega, kisha huamua wenyewe ipi ni bora. Hakuna mwalimu wa kuandika ubaoni na wengine kunakili.

Sasa, kikundi kinachoweza kukutana kujifunza kukata matawi ya chai kinaweza vilevile kukutana siku moja kujifunza kupika. Kinachohitajika ni boma lenye bustani ya mboga, ng'ombe wa maziwa, jiko lenye nafasi, na mama mzee anayejua kazi yake. Mumwite Kogo, kama kila bibi mzee anavyoitwa huko, na mfike na heshima zenu. Kila bwana na bibi walete unga, maziwa ya chupa moja, na mzigo wa kuni. Mzigo wa kuni abebe bwana. Njiani watu watamtazama, naam. Wamtazame.

Kabla hamjatoka nyumbani patianeni ahadi mbili. Bwana aahidi kwamba siku hiyo atafanya kila kazi ambayo bibi huifanya kila siku, hata kuosha masufuria. Bibi naye aahidi kwamba hatacheka na hatampokonya mwiko. Ahadi hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Wako akina mama wanaolalamika miaka kumi kwamba bwana hasaidii, na siku anaposhika kisu wanamwambia, "Leta hapa, unaharibu." Baada ya hapo atasaidia tena lini?

Asubuhi ni ya bustani

Mkifika msitegemee kupewa mwiko mara moja. Kogo atawapeleka kwanza nyuma ya nyumba, kwenye mboga, maana upishi unaanzia hapo. Mtamkuta sagaa, ambayo Wakipsigis huiita isageek, managu, majani ya maboga, labda na kunde katika kona inayopata jua. Kwa miaka mingi watu walizihesabu mboga hizi kuwa chakula cha maskini, na aliyeanza kupata pesa za chai akakimbilia kabichi ya sokoni. Watafiti wa Kenya, kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi za kienyeji zina vitamini na madini mengi. Siku hizi mjini zinauzwa ghali, na mwenye shamba ndiye asiyekuwa nazo.

Bwana achume. Achague majani machanga ya sagaa, akate vichwa vinavyotaka kutoa maua ili mmea uendelee kuchipua, ajaze ungo mzima. Halafu ayapembue majani kutoka kwenye mashina, moja moja. Hii ndiyo sehemu ya siku inayowafundisha wanaume wengi kuliko zote. Ungo uliojaa majani humaliza saa nzima na zaidi, na ukiingia katika sufuria unasinyaa hadi unakuwa vikombe viwili. Bwana atatazama ndani ya sufuria kama mtu aliyeibiwa. Bibi, kumbuka ahadi yako.

Sagaa ni chungu, kila mtu anajua. Wapishi wengi huichemsha na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, lakini pamoja na maji hayo wanamwaga sehemu ya uzuri wa mboga. Kogo hufanya kwa njia ya zamani. Anaweka maji kidogo na chumvi, anaifunika mpaka ilainike, kisha anamimina maziwa na kuacha ichemke polepole. Akipata managu anachanganya, maana managu hupunguza ukali. Chungu kinaachwa hadi kesho yake, kinaongezwa maziwa kidogo tena, kinapashwa moto. Ile ya siku ya pili ndiyo tamu. Kwa hiyo, ewe bwana, ukitaka kula sagaa nzuri Jumanne, ni lazima Jumatatu maziwa yasiuzwe yote. Je, maziwa ya jioni katika nyumba yako ni ya nani? Nani huamua kiasi kinachokwenda kwa mnunuzi na kiasi kinachobaki? Maswali haya mjiulize mkiwa bado mmekaa kwenye vigoda vya Kogo.

Huko jikoni mtaona pia habari ya kuni. Watafiti wa chai walioko Kericho wamekuwa wakishauri kwamba chai inapokatwa, kila baada ya miaka mitatu au minne, matawi yaachwe palepale shambani yaoze na kurudisha rutuba. Bwana anakubali ushauri huo mkutanoni. Bibi hana kuni, kwa hiyo anayaokota matawi yale yale na kuyawasha. Kisha bwana anagomba kwamba shamba linaibiwa. Nani mwenye kosa? Kabla ya kujibu, bwana apulize moto kwa dakika kumi. Pengine atakumbuka kwamba mstari mmoja wa miti ya kuni kwenye mpaka ungemaliza shauri hili, na kwamba jiko lenye ukuta wa ndani wa udongo wa kuchoma, lile lililoenezwa na maafisa wa kilimo tangu miaka ya 1980, linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu.

Baada ya mboga ni ugali wa wimbi, kimnyet. Maji yachemke, unga uingie kidogo kidogo, mwiko usisimame. Mikono ya bwana iliyozoea jembe itachoka kabla unga haujashikana, kwa sababu haukorogwi kwa nguvu tu, unageuzwa na kugandamizwa kwenye ukuta wa sufuria. Kogo atasema, "Polepole, baba, huchanganyi simenti." Mkiwa mnangoja uive, mwombeni awaeleze kwa nini bado anapanda wimbi. Wengine waliliacha kabisa wakabaki na mahindi peke yake. Kisha, Septemba 2011, katika Bomet hii hii, upande wa Longisa, ukaripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya ule ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi shambani kabla hayajakomaa. Aliyekuwa na ghala la wimbi hakulala akiwaza. Mwenye mahindi tu alinunua unga kwa pesa za chai.

Kuhusu mursik hatutaeleza sana, kwani nyumba nyingi za huko wanajua, na Wakenya wote wamewaona wanariadha wakipokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu. Lakini bwana ashike kibuyu mwenyewe, sotet, aone kazi iliyomo: kukiosha na kukikausha, kuchoma kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano, kusugua makaa yake ndani kwa sosiot, kukung'uta vumbi la ziada, kisha kumimina maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, na kungoja siku kadhaa. Wanaume wengi hunywa mursik maisha yao yote bila kukiosha kibuyu hata kimoja.

Chai ya moto na heshima

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa mlisome mara mbili.

Chakula kikiiva, chai italetwa. Katika nchi ya chai, heshima ya mke kwa mumewe mara nyingi hupimwa kwa moto wa kikombe. Chai ikiwa haiunguzi ulimi, bwana huuliza kama ililetwa kutoka Nairobi kwa miguu. Basi mjue kwamba mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Na ugonjwa huu si wa mbali. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, hapo hapo Bomet, wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wengi wa saratani hiyo, wakiwamo vijana wasiofika miaka 30. Hatusemi ni chai pekee. Tumbaku na pombe vimo, na watafiti waliopima mursik wamekuta ndani yake asetaldehidi, kemikali ambayo mwili hutengeneza pia mtu anapokunywa pombe. Lakini kungoja dakika chache kikombe kipoe hakugharimu kitu. Bibi akikuletea chai ya vuguvugu, usione amekudharau.

Liko jambo jingine, na ndilo linaloifanya siku hii kuwa zaidi ya matembezi. Siku hiyo mtakula pamoja, mmekaa ana kwa ana. Katika nyumba nyingi bwana hula peke yake sebuleni, bibi hula jikoni na watoto, akimaliza kilichobaki kwenye sufuria. Hawaonani wakila. Tuchukue mfano wa bibi mmoja ambaye kwa miezi mitatu ameona sahani ya mumewe ikirudi nusu. Amefikiri amechokwa. Amefikiri kuna mahali pengine anapokula, na ninyi mnajua mawazo ya namna hiyo yanavyomla mtu usiku. Amebadilisha mboga, amenunua nyama kwa deni, sahani inarudi nusu. Siku wanapokula pamoja mezani kwa watu, anamwona: kila tonge la ugali linafuatwa na funda la maji. Anasimama, anameza kwa shida, anatabasamu ili watu wasione. Hakuwa amemchoka. Alikuwa anaumwa na aliona haya kusema.

Ukiona dalili hiyo kwa mwenzi wako, chakula kikikwama, akianza kupendelea uji na kuacha ugali, akikonda bila sababu, usingoje msimu wa chai upite. Mpeleke hospitali wiki hiyo. Na wewe bwana unayeficha, ujue kwamba unamwachia mkeo maelezo mabaya kuliko ugonjwa wenyewe. Yeye tayari anajieleza kwa nini huli.

Turudi kwenye sahani ya kabichi tuliyoianza nayo. Si kila sahani inayosukumwa ni ugonjwa. Mara nyingi ni kuchoka tu na kabichi. Basi mchana huo, mkiwa mmeshiba, mfanye hesabu ambayo bwana huyo na bibi yake hawajaifanya. Kwa nafasi zinazotumika sana, hekta moja ya chai hubeba vichaka zaidi kidogo ya 10,000, yaani kila kichaka kinachukua karibu mita moja ya mraba. Tuseme bwana ana miche 30 ambayo alitaka kuipanda nyuma ya jiko, katika ule upenyo uliobaki. Miche hiyo inataka kama mita 5 kwa 6. Ikikua, kwa mkulima wa kawaida kila kichaka kitatoa kilo moja hivi ya majani mabichi kwa mwaka, au mbili kikitunzwa sana. Toeni hati yenu ya malipo, mzidishe kilo 30, au 60, kwa bei mliyolipwa. Msisahau malipo ya mwisho wa mwaka, yale tunayoyaita bonasi. Kisha bibi ataje pesa anazotumia kwa mboga za sokoni kila wiki, mzidishe kwa 52. Wekeni namba hizo mbili kando kwa kando kwenye karatasi moja. Sisi hatutawaambia ipi itakuwa kubwa, kwa kuwa hati yenu hatuijui, ila tunashuku kwamba bwana atanyamaza kidogo.

Na hapo hapo, kwa kuwa karatasi iko mezani, semeni habari ya bonasi. Kila anayeishi kwenye chai anajua kwamba malipo hayo yakitoka, kwa kawaida karibu na Oktoba, wako wanaume wanaopotea siku tatu na kurudi na viatu vipya vya mtu mmoja. Mkono uliochuma majani hayo kwa sehemu kubwa ni wa bibi. Hatuhitaji kumhubiria mtu hapa. Ila bwana ambaye amepembua sagaa asubuhi nzima na kuzungusha mwiko hadi bega likauma ataona vigumu kidogo kusema jioni hiyo kwamba pesa ni zake.

Mabibi nao wana lao la kukubali. Akina mama wengine huficha pesa za maziwa, au hulipa deni la duka bila kusema, wakiogopa ugomvi. Ugomvi unaoogopwa huja baadaye ukiwa na riba. Semeni siku hiyo, mkiwa kwa watu, mahali ambapo hakuna atakayepaza sauti kwa sababu Kogo anasikia.

Kabla ya kuondoka ombeni mbegu. Kogo atawapa konzi moja ya mbegu za sagaa, nyeusi na ndogo sana. Zichanganyeni na mchanga mkavu au majivu ili zisianguke zote mahali pamoja, mchimbe mifereji ya kina kifupi, mstari kutoka mstari kama sentimita 30, mfukie kidogo tu. Mbolea ya ng'ombe iliyooza inatosha. Kwa kawaida mboga huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita; katika baridi ya Kimulot hukawia kidogo, msikate tamaa. Siku ya kwanza ya kuchuma, bwana ndiye ashike ungo, apembue, aweke sufuria motoni. Maziwa ya jioni hiyo yasipelekwe kwa mnunuzi. Na chai, msubiri ipoe.